Tepu ya Rangi Begani: Je, Huondoa Uchovu wa Misuli?

Je, msomaji, umewahi kutazama mechi ya voliboli, iwe ni katika ukumbi wa Kasarani au kwenye runinga, ukamwona mchezaji mwenye vipande vya tepu ya buluu, nyeusi au ya waridi vilivyotambaa begani mwake mfano wa mizizi ya mti? Huenda ulidhani ni pambo, au labda ulifikiri anaficha kidonda. Tepu hiyo si pambo wala si bendeji ya kidonda. Ni utepe wa pamba unaovutika kama mpira, na wanaouvaa huamini kwamba hulisaidia bega lisichoke upesi.

Juma hili tutachunguza iwapo imani hiyo ina msingi. Swali lenyewe si la wachezaji wa timu ya taifa peke yao. Binti yako aliye katika timu ya shule, kijana wa mtaani anayejifunza kutupa mkuki baada ya kusikia habari za Julius Yego, jirani yako anayecheza tenisi kila Jumamosi, na hata mwogeleaji, wote wana jambo moja linalowaunganisha: mkono wao hufanya kazi ukiwa umeinuliwa kupita kichwa, tena na tena, hadi misuli ya bega inachoka. Bega lililochoka ndilo huumia. Wazazi na makocha wengi siku hizi hununua tepu hizi madukani wakitumaini kwamba zitaziba pengo la mazoezi au la mapumziko. Kabla hujatoa pesa zako, ni vyema ujue unanunua nini.

BEGA LILIVYOUNDWA

Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa zaidi wa kuzunguka katika mwili wa mwanadamu, na uhuru huo una gharama yake. Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani kidogo cha kikombe cha chai. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, na kisahani ni ile sehemu ndogo ya kombe la bega ambapo kichwa hicho kinakaa. Nyonga haiko hivyo: kule mfupa wa paja umezama ndani ya bakuli refu, na ndiyo sababu nyonga haichomoki ovyo. Bega halina bakuli. Linategemea misuli.

Misuli minne midogo hutoka kwenye kombe la bega, ikakishika kichwa cha mfupa wa mkono kutoka mbele, juu na nyuma, kama vidole vya mkono vilivyoshika mpira. Kazi yake kubwa ni kulizuia lile chungwa lisitoke katikati ya kisahani. Juu yake umelala msuli mkubwa wa bega, ule unaoonekana kama pedi kwa watu wanaobeba vyuma. Huo mkubwa ndio unaoinua mkono, lakini unapovuta huwa unakisukuma kichwa cha mfupa kuelekea juu, na ile minne midogo inapaswa kukirudisha chini kwa wakati huo huo. Wote wakifanya kazi kwa pamoja, mkono hupanda kwa ulaini. Ile midogo ikilegea, kichwa cha mfupa hupanda na kuzibana kano zilizo chini ya paa la bega, mahali ambapo nafasi iliyopo ni kama sentimita moja tu.

Kuna kundi jingine ambalo wengi hulisahau. Mwombe mwenzako avue shati, uweke kiganja chako juu ya kombe la bega lake, kisha ainue mkono polepole hadi juu kabisa. Utalihisi kombe hilo likizunguka chini ya kiganja chako. Mkono ukipanda nyuzi 180, takriban nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na 60 hutoka kwa kombe la bega kuzunguka juu ya mbavu. Kombe hilo linaendeshwa na misuli ya mgongo wa juu pamoja na msuli mmoja ulioshikilia mbavu ubavuni, chini ya kwapa. Misuli hii ikichoka, kisahani hakimfuati tena chungwa wake. Hapo ndipo matatizo huanza.

UCHOVU NI NINI HASA?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba misuli huchoka kwa sababu ya kujaa asidi ya laktiki. Maelezo hayo yamepitwa na wakati. Wanasayansi wa sasa wanasema kwamba msuli unapotumia nguvu zake kwa kasi, fosfati hurundikana ndani ya chembechembe zake, na kalsiamu, ambayo ndiyo huuamuru msuli ujikaze, hutolewa kwa kiwango kidogo zaidi. Ubongo nao hupunguza amri inazotuma. Kwa hivyo uchovu una sehemu mbili, moja iko kwenye msuli na nyingine iko kichwani. Kumbuka jambo hili kwa maana tutalirudia tukifika kwenye tepu.

Kwa mtu anayerusha au kupiga mpira, kupungua kwa nguvu si tatizo pekee. Msuli uliochoka hupoteza pia hisia ya mahali ulipo. Fumba macho, inua mkono hadi usawa wa bega, ushushe, kisha ujaribu kuurudisha pale pale. Mtu ambaye hajachoka hukosea kidogo sana. Mchoshe kwanza kwa mazoezi ya bega hadi ashindwe kuendelea, na makosa yataongezeka. Sasa fikiria mchezaji wa voliboli aliyeruka hewani katika seti ya tano, mkono wake ukiwa haujui sawasawa uko wapi.

Kasi yenyewe inatisha. Mkono wa mrushaji wa besiboli wa kiwango cha juu huzunguka begani kwa zaidi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde, yaani ungeweza kumaliza takriban mizunguko 19 kwa sekunde moja kama kasi hiyo ingedumu. Bila shaka haidumu. Baada ya mpira kuondoka mkononi, lazima kitu kiusimamishe mkono huo, na kinachousimamisha ni ile misuli midogo ya nyuma ya bega. Ndiyo breki. Dereva yeyote wa matatu atakuambia kwamba gari lenye injini nzuri na breki zilizochakaa ni hatari kuliko gari bovu lililoegeshwa.

Gharama ya kupuuza uchovu imewahi kupimwa. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 uliwalinganisha warushaji vijana wa besiboli waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuwahi kuumia kwa kiasi hicho. Wale waliokuwa na mazoea ya kuendelea kurusha ilhali mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa miongoni mwa waliopasuliwa. Mara 36! Hapa kwetu besiboli haina wafuasi wengi, lakini bega la Mmarekani na bega la msichana wa sekondari anayecheza voliboli mjini Eldoret ni bega moja. Na katika mashindano yetu ya shule, timu inaweza kucheza zaidi ya mechi moja kwa siku, siku kadhaa mfululizo, huku mshambuliaji hodari akipewa kila mpira.

TEPU HII ILITOKA WAPI?

Aliyeibuni ni Mjapani, Kenzo Kase, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo, katika miaka ya 1970. Kabla yake kulikuwa na tepu nyeupe ngumu, ile ambayo hadi leo hutumiwa kufunga kifundo cha mguu cha mwanasoka. Ile nyeupe kazi yake ni kuzuia kiungo kisisogee. Kase alitaka tepu ambayo ingemwacha mtu aendelee kusogea. Akatengeneza utepe wa pamba wenye nyuzi za mpira, unene wake ukikaribia ule wa ngozi ya juu, gundi yake ikiwa imepakwa kwa mawimbi na kushika vizuri zaidi inapopata joto la mwili. Utepe huo huweza kuvutika hadi ukaongezeka kati ya asilimia 40 na 60 ya urefu wake. Mkunjo wa kawaida una upana wa sentimita 5 na urefu wa mita 5.

Kwa miaka mingi haikujulikana sana nje ya Japani. Kisha ikaja Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, na Mmarekani Kerri Walsh akashinda dhahabu ya voliboli ya ufukweni akiwa na tepu nyeusi begani. Dunia nzima ikauliza ni nini kile. Miaka minne baadaye, mwanasoka Mario Balotelli wa Italia aliivua jezi yake baada ya kuifunga Ujerumani katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, mgongoni mwake mkiwa na mistari ya tepu ya buluu. Hakuna tangazo la kulipiwa ambalo lingefanya kazi nzuri kuliko picha hizo mbili.

Na rangi je? Rangi haina maana yoyote ya kitabibu. Muuzaji akikuambia kwamba nyekundu huongeza nguvu na buluu hupoza, mwambie akuuzie ile ya bei nafuu.

MADAI YA WATETEZI

Wanaoitetea wana hoja tatu kuu. Ya kwanza ni kwamba tepu ikibandikwa kwa ufundi huinua ngozi kidogo na kufanya mikunjo, hivyo kupisha damu na maji ya mwili kupita vizuri chini yake na kuondoa uchafu wa uchovu. Ya pili inahusu mwelekeo: ukibandika kutoka chanzo cha msuli kwenda mwisho wake, unauamsha, ukibandika kinyume, unautuliza. Ya tatu ni kwamba mvuto wa tepu kwenye ngozi huamsha vihisi vilivyomo, navyo huupasha ubongo habari zaidi juu ya mahali mkono ulipo.

Hoja hizi zinavutia, na ya tatu si ya kipuuzi hata kidogo. Lakini hoja nzuri si ushahidi. Namna ya kupata ushahidi ni kuwachukua wanamichezo, kuwabandika baadhi tepu iliyovutwa kwa kanuni zote, na wengine tepu ya aina ile ile iliyolazwa tu bila kuvutwa wala kufuata msuli, bila wao kujua nani amepewa ipi. Kisha unawachosha wote, unapima. Pasipo ile tepu bandia, huwezi kujua kama ni mvuto wa tepu uliosaidia au ni ile furaha ya kuhudumiwa.

Majaribio ya namna hiyo yamefanywa, na majibu yake hayawafurahishi wauzaji. Tuanze na ile mikunjo ya ngozi. Mwaka wa 2014 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 148 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Nusu walibandikwa tepu iliyovutwa ili kufanya mikunjo, nusu wakabandikwa isiyovutwa. Hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kiuno si bega, ni kweli, lakini kama mikunjo ndiyo siri ya tepu, ingepaswa kusaidia huko pia.

Tukija begani penyewe, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2015 lililenga swali letu moja kwa moja. Watafiti waliibandika tepu juu ya ule msuli mkubwa wa bega, wakawachosha washiriki, kisha wakawapima ile hisia ya mahali mkono ulipo. Uchovu uliiharibu hisia hiyo kama ilivyotarajiwa. Tepu haikuirudisha. Waliovaa walikosea kama wasiovaa.

Je, maumivu? Hapa kuna nuru kidogo. Mwaka wa 2008 wanafunzi 42 wa chuo wenye maumivu ya bega walijaribiwa. Waliobandikwa tepu halisi waliweza papo hapo kuinua mkono kando bila maumivu kwa takriban nyuzi 17 zaidi. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye mkono hausongi. Hata hivyo, siku chache baadaye makundi yote mawili yalikuwa sawa, maana hata waliovaa tepu bandia walipata nafuu. Hatimaye, mwaka wa 2021 wakaguzi wa Cochrane, shirika linalosifika kwa kupima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,054 waliougua kano za bega. Uamuzi wao ulikuwa kwamba faida ya tepu ikilinganishwa na tepu bandia haina uhakika, na kwamba ubora wa ushahidi wenyewe ni duni mno.

BASI MBONA WACHEZAJI HUSEMA INASAIDIA?

Kwa sababu wanahisi hivyo, nasi hatuna haki ya kuwaita waongo. Kumbuka tulisema uchovu una sehemu mbili. Sehemu iliyo kichwani husikiliza mambo mengi: kelele za mashabiki, sauti ya kocha, hofu ya kuumia. Mchezaji anayeamini bega lake limeshikwa hucheza bila kusita. Aidha, ngozi iliyovutwa humkumbusha mtu asiinamishe mabega, kama vile mama alivyokuwa akitugusa mgongoni akituambia tukae wima. Faida hii ni ya kweli kwa anayeipata. Lakini msuli wenyewe haujapata nguvu mpya, na zile kano bado zinabanwa.

Mimi sina ugomvi na tepu kama tepu. Haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, na madhara yake kwa watu wengi hayazidi mwasho wa ngozi. Ugomvi wangu ni na namna inavyotumiwa. Kocha anayempaka mchezaji tepu Jumamosi asubuhi ili acheze mechi tatu na bega linalouma amemfunika taa ya onyo kwenye dashibodi na kumwambia aendelee kuendesha. Maumivu yakipungua kwa saa chache, mchezaji huongeza bidii, na breki za bega huendelea kulika.

Zingatia pia pesa. Bega moja huhitaji vipande viwili au vitatu vya kama sentimita 25. Mkunjo wa mita 5 utakupa basi kati ya mara 6 na 10. Timu yenye washambuliaji sita wanaovaa kila wiki itamaliza mikunjo kadhaa kabla ya muhula kwisha. Pesa hizo zingetosha mipira ya mazoezi kwa timu nzima, na ushahidi juu ya mipira hiyo ni bora zaidi, kama tutakavyoona sasa hivi.

KINACHOFANYA KAZI

Nchini Norwe, ambako mpira wa mikono ni mchezo unaopendwa mno, timu 45 za daraja la juu zenye wachezaji 660 ziligawanywa katika makundi mawili kwa msimu mzima. Kundi moja lilifanya mazoezi maalumu ya bega kwa dakika 10 hivi wakati wa kupasha mwili joto, mara tatu kwa wiki. Jingine liliendelea na mazoea yake. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2017, yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 28 wa kupata matatizo ya bega. Hakukuhitajika mashine wala daktari uwanjani. Dakika kumi tu.

Unaweza kuanza nyumbani. Tafuta mpira wa kuvuta wa mazoezi, au ukate ukanda wa tyubu ya baiskeli kuukuu kwa fundi wa mtaani. Inafaa vile vile. Ufunge kwenye nguzo au kitasa cha mlango kwa usawa wa kiwiko. Simama ubavu mmoja ukielekea nguzo, taulo lililoviringishwa likiwa kati ya kiwiko na mbavu za upande ule mwingine, kiwiko kimekunjwa kama herufi L. Shika tyubu na uvute kiganja kuelekea nje, polepole, bila kiwiko kuachana na taulo. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, kirudishe kiganja kwa upole zaidi kuliko ulivyokivuta. Huko kurudisha polepole ndiko kunakoimarisha breki. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, urudie mara tatu.

Zoezi la pili ni la kombe la bega. Lala kifudifudi kama anayetaka kupiga pushapu, ukianzia magotini iwapo nguvu hazitoshi. Ukishanyoosha mikono na kufika juu, usikomee hapo. Isukume sakafu zaidi hadi mgongo wa juu upande kidogo kuelekea dari. Ule msuli wa ubavuni niliokutajia utauhisi ukifanya kazi. Zoezi la tatu, lala kifudifudi kitandani mikono ikining'inia, kila mmoja umeshika chupa ya nusu lita iliyojaa maji, yaani uzito wa nusu kilo. Inua mikono kando hadi mwili ufanye herufi T, ukiyavuta makombe ya bega yakaribiane. Nusu kilo itakuonekea mzaha mara tano za kwanza.

Baada ya mazoezi au mechi, uvute mkono ulionyooka mbele ya kifua kwa kutumia mkono mwingine, uhisi nyuma ya bega ikinyooka, ukae hivyo nusu dakika. Watu wanaorusha kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kuuzungusha mkono kuelekea ndani, na kunyoosha huku husaidia kuurejesha.

Usisahau miguu na kiuno. Katika tenisi, takriban nusu ya nguvu ya pigo la kuanzisha hutoka chini ya bega, yaani miguuni na kiwiliwili. Mchezaji mwenye miguu dhaifu hulipa deni hilo kwa bega lake. Ndiyo maana mtupa mkuki mzuri huonekana kama anarusha kwa mwili mzima: Yego alipofika mita 92.72 na kutwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka wa 2015, alijitupa kifudifudi baada ya mkuki kumtoka, mwili wote ukiwa umeshiriki.

Kwa makocha, dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kalamu na karatasi. Hesabu mipira. Katika besiboli ya watoto nchini Marekani, tangu mwaka wa 2007 ligi kubwa ya watoto iliweka kikomo cha idadi ya mirusho kwa siku kulingana na umri, pamoja na siku za lazima za kupumzika. Voliboli ya shule zetu haina sheria kama hiyo, lakini hakuna kinachokuzuia kumweka mwanafunzi mmoja kando ya uwanja akihesabu mashambulizi ya kila mchezaji mazoezini. Ukiona kiwiko cha mshambuliaji kinashuka chini ya usawa wa bega anapopiga, mipira yake inaanza kuingia wavuni, au anautikisa mkono kila baada ya pigo, amechoka. Mpumzishe hata kama mnaongoza kwa pointi moja.

UKITAKA KUIVAA

Ikiwa bado ungependa kujaribu tepu, pengine kwa sababu inakutuliza maumivu huku ukiendelea na mazoezi, ifanye kwa usahihi. Ngozi iwe safi na kavu, bila mafuta wala losheni. Gundi haishiki juu ya mafuta ya kujipaka. Nywele nyingi zipunguzwe. Kata pembe za kila kipande ziwe za mviringo ili zisikamatwe na nguo. Mtu mwingine akubandike, kwa maana huwezi kufika nyuma ya bega lako bila kulipinda. Ncha zote mbili, kama sentimita 5 kila moja, zilazwe bila kuvutwa kabisa. Katikati ivutwe kidogo tu, robo hivi ya uwezo wake. Wanaoivuta hadi mwisho wakidhani nguvu ndiyo dawa huamka kesho yake na malengelenge. Isugue kwa kiganja ili ipate joto, kisha subiri nusu saa au saa nzima kabla ya kutoa jasho.

Unaweza kuoga nayo. Ivae siku tatu, zisizidi tano. Ukihisi mwasho au kuungua, itoe mara moja bila kungoja mechi. Kuitoa, ilainishe kwa mafuta ya kupikia au maji ya vuguvugu, kisha ukunje ncha yake taratibu kufuata vinyweleo huku ukiishikilia ngozi kwa mkono mwingine. Usiing'oe kwa mkupuo. Usiibandike kamwe juu ya kidonda, upele, ngozi yenye maambukizi au mahali penye uvimbe wa saratani, wala usiitumie ikiwa una damu iliyoganda mishipani au gundi za plasta hukudhuru.

WAKATI WA KUMWONA MTAALAMU

Kuna dalili ambazo tepu isizifunike hata kwa siku moja. Maumivu yanayokuamsha usiku unapolalia bega, mkono unaokataa kupanda, ganzi au kuwashwa hadi vidoleni, bega lililowahi kuchomoka, au maumivu yaliyokaa zaidi ya wiki mbili licha ya kupumzika, yote yanahitaji uchunguzi.

Dalili moja ni ya kimyakimya na huwapata hasa wachezaji wa voliboli. Neva inayopita nyuma ya kombe la bega hubanwa au kuvutwa na mapigo mengi, na msuli wa pale nyuma hunyauka pasipo maumivu yoyote. Mwenyewe hajui, kwa kuwa hawezi kujiona mgongoni. Mzazi, mwombe mwanao asimame akuelekezee mgongo wazi mahali penye mwanga, ulinganishe mabega yake mawili. Ukiona shimo au bonde chini ya ule ukingo wa mfupa unaokatiza kombe la bega, upande anaopigia mpira, mpeleke hospitalini.

Hospitali nyingi kubwa za umma zina idara ya fiziotherapia. Iwapo unakwenda kwa kliniki ya kibinafsi, una haki ya kuuliza kama mhudumu amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2014. Nenda ukiwa umetoa tepu siku iliyotangulia, ili ngozi na misuli vionekane vizuri, na ubebe hesabu ya mazoezi na mechi ulizocheza katika wiki nne zilizopita. Mara nyingi hesabu hiyo itamsaidia mtaalamu kuliko picha ya eksirei.